Kushoto kwa Nyumba ya Zamani

Krr, krr. Giza lilikuwa bado halijaondoka Tryphosa aliposikia tupa ikinoa jembe nje ya mlango. Ni mwanawe Manasseh, karani wa mjini Kisii, aliyekuja jana kupanda majani chai. Jana hiyo mama alirudi kutoka sokoni Kebirigo usiku umeingia, hakuona kitu. Sasa alijifunga leso, akatoka, na kulipopambazuka aliona safu ya mashimo mapya. Safu hiyo ilipita juu ya Kemuma, bintiye.

"Manasseh! Umemchimbua dada yako!"

"Hapana, Mama. Kaburi nimelikwepa. Mwanamke huzikwa kushoto kwa nyumba, na kushoto sijagusa."

"Kushoto kwa nyumba ipi?"

"Si hii?"

"Hii ya mabati uliijenga juzi tu, ukaigeuza itazame barabara! Tulipomzika Kemuma, mlango ulitazama mtoni. Kushoto kulikuwa hapo, uliposimama na viatu vyako vya ofisi!"

Manasseh akaruka pembeni. "Ni mambo ya zamani, Mama. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni."

"Zamani ya nani?" Tryphosa alimsogelea. "Kwangu ni asubuhi hii. Asubuhi hii ana surua, anaomba uji. Napepea upoe, na ukipoa hanywi tena. Uji huo uliumaliza wewe!"

Orpah, mke wa Manasseh, alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza nani ana haki. Alimletea mama mkwe kigoda, akampangusa umande miguuni, kisha akapiga magoti na kuanza kurudisha udongo shimoni.

"Orpah, miche itakauka," Manasseh akanong'ona.

"Ikauke."

Manasseh akashika jembe amsaidie.

"Weka chini chuma hicho!" Tryphosa akafoka. "Kwa mikono!"

Karani akakunja mikono ya shati, akafukia. Walipofika shimo la mwisho akauliza, bila kuinua uso, "Kichwa chake kiko upande gani?"

Tangu mumewe afariki, hakuna aliyewahi kumuuliza Tryphosa hivyo. Akamwonyesha kwa kidole, lakini uso haukulegea.

Mchana walipoaga, alikataa kumpa mwanawe mkono. Aliwafuata tu hadi barabarani.

"Sabato ijayo njoo tena," akamwambia. "Hasira yangu haijaisha, usidhani. Lakini njoo. Nikifa hujapajua vizuri, atachimbuliwa tena."