Taa Iliyopata Wapangaji

Duka ni la mume wangu: saruji, misumari, mabomba, vitasa. Pembe moja tu ndiyo yangu, ile ya dirishani, na hapo nauza taa. Siku nilipoleta ile taa kubwa ya kuning'inia, yenye vioo chungu nzima, mume wangu aliitazama, akakuna kichwa, akauliza itaingia nyumba ya nani. Wifi yangu, ambaye ulimi wake hauna likizo, alipoona ninavyoipangusa kila asubuhi, aliibatiza jina: mume wangu wa pili. "Huyu wa kwanza hapanguswi vumbi namna hiyo," alisema, akimnyooshea kaka yake kidole.

Taa haikununuliwa. Watu waliisifu wee, kisha wakaondoka na balbu moja. Mwishowe mume wangu akatoa lililokuwa moyoni: mwezi ukiisha na taa bado inaning'inia, pembe yangu itapangwa makopo ya rangi. Nilinuna siku nzima. Hata hivyo nilikubali, kwa kiburi tu.

Ndipo wakaja mbayuwayu wawili. Waliingia kwa dirisha la juu, wakazunguka duka zima kama wakaguzi, wakazipuuza rafu zote za mume wangu, wakaanza kujenga kiota cha tope katikati ya taa yangu, ubavuni mwa balbu. Nikakibomoa kwa ufagio. Wakajenga. Nikabomoa tena, huku nikiwamiminia matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Wakajenga tena. Nilipofunga dirisha, wakawa wanaingia mlangoni pamoja na wateja.

"Angalau kuna walioipenda," mume wangu alisema.

"Cheka tu. Kwako hawakuona hata pa kutua!"

Nilipopanda tena na ufagio wangu, nikakuta mayai. Hapo mkono ukawa mzito. Balbu za taa ile huchemka vibaya, na kuiwasha kungekuwa kuwapika waliomo. Basi nikafungua dirisha, nikatundika mwavuli uliopinduliwa chini ya taa ili udake kinyesi, nikajipa moyo kwamba makinda wataruka kabla ya mwezi kwisha, niisafishe, niiuze. Sikutaka mteja yeyote ajue. Nani anunue taa iliyogeuzwa choo cha ndege?

Makinda walikuwa bado hawana manyoya ya maana alipoingia mama mmoja mwenye sauti ya kujaza duka. Alikuwa anajenga ukumbi wa sherehe. Alienda moja kwa moja hadi chini ya taa.

"Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta! Lakini mwavuli wa nini?"

"Paa linavuja," nilisema.

Akatazama nje, jua linawaka hakuna mfano. "Haya. Na hicho kinacholia huko juu?"

"Feni ya stoo. Haijatiwa mafuta."

"Basi iwashe taa niione."

Nikaenda kwenye swichi. Mtu huyu nilikuwa nimemsubiri tangu taa ilipofika. Dakika moja haitawadhuru, nilijiambia. Mara mama ndege akanipita juu ya kichwa na mdudu mdomoni, na kule juu kelele zikazidi. Kidole kilikuwa tayari kwenye swichi. Kikagoma.

"Haiwaki," nilisema. "Ni mbovu."

Neno hilo sikuwa nimewahi kulitamka juu ya kitu chochote ninachouza, hata kilichokuwa kibovu kweli. Yule mama akashukuru kwa huzuni, akageuka kuondoka. Nikayaona makopo ya rangi yakijipanga kwenye pembe yangu.

"Mama, subiri kidogo!" Ilikuwa sauti ya mume wangu. Alitoka nyuma ya kaunta, nguo zimejaa vumbi la saruji. "Mke wangu anakudanganya. Taa ni nzima. Ni nzuri kuliko taa zote nilizowahi kuona, na yeye aliliona hilo kabla yetu sote. Ila ina watoto."

"Ina nini?"

Akamletea ngazi. Tukaishika huku na huku, mama wa watu akapanda, akachungulia, akacheka hadi mikono yetu ikatetemeka pamoja na ngazi.

"Sasa mwenzangu, si ungesema tu! Ukumbi wenyewe plasta haijakauka. Hawa watahama kabla ya mafundi wangu kumaliza. Ila utaniogeshea taa yangu vizuri."

Akaomba karatasi, akaandika IMEUZWA kwa herufi kubwa, akaibandika kwenye mwavuli, akaenda zake.

Nilimgeukia mume wangu. Kuuza nilifurahi, sikatai, lakini yale maneno yake ndiyo yaliyonimaliza nguvu.

"Tangu lini unaiona nzuri?"

Akajifanya anapanga misumari. "Tangu siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza muda wote huu?"

"Niliogopa. Nikikuambia, utaleta nyingine."

"Nitaleta," nilisema, nikijifuta machozi kwa kitambaa cha kupangusia taa. "Tena kubwa zaidi."