Senene wa Kombe la Baridi

Aliyelibatiza lile shindano jina la Kombe la Baridi hakuwahi kulala Bukoba mwezi wa Novemba. Wafadhili walikuwa watu wa nchi za mbali. Huko kwao Novemba theluji inaanza kuanguka, wakadhani na sisi huku tumejikunyata ndani ya mablanketi. Huku Novemba ni mvua, matope na senene, wale panzi wetu watamu wa kukaanga. Mtu yeyote wa Kagera angewaambia, ila hakuna aliyeulizwa, na watu wa huku wasipoulizwa hawasemi. Wanakaa pembeni wakisubiri kuona.

Mchezo wenyewe ni lakrosi, ile ya wachezaji sita kwa sita. Kila mchezaji ana kijiti chenye wavu mdogo kichwani. Mpira unadakwa kwa wavu na kurushwa kwa wavu. Kipa ana wavu mkubwa kuliko wote, mpana kama ungo. Siku hizi watu wanalipwa kuucheza, na mwaka huu timu mbili za kwetu, Muleba na Bakoba ya hapa Bukoba mjini, ndizo zilizofika fainali. Wachezaji wa timu itakayoshinda wangepewa mkataba wa mwaka mzima. Timu itakayoshindwa ingevunjwa, na anayetaka kuendelea angerudi Januari kwenye majaribio, apangwe foleni na wageni.

Kipa wa Muleba aliitwa Agnetha, na hilo la mkataba lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa sato.

Huyu Agnetha hakujua kutulia tangu kuzaliwa. Chai alikunywa amesimama. Kanisani alikuwa ameshainuka kabla padre hajasema tusimame. Marehemu bibi yake alikuwa akisema mtoto huyu kazaliwa na siafu miguuni. Alipoolewa na Buberwa, mchuuzi wa samaki kisiwani Bumbire, watu walingoja waone kama ndoa itamkalisha. Wapi! Alianika dagaa, alipika, alimzaa Josia, na jioni alikwenda na kurudi ufukweni kama mtu aliyedondosha funguo. Golini tu ndiko alikotulia. Mpira mgumu ukija mbio kumpasua uso, ndipo moyo wake ulipokaa mahali pake. Mambo ya Mungu hayo, usiniulize.

Buberwa hakuwa mume mbaya. Alikuwa mume mwenye mama, na mama mwenyewe alikuwa Ma Ephrasia, ambaye hakuwahi kuona sababu ya mke wa mtu kuvaa kofia ya vyuma na kurushiwa mipira. Kwa hiyo mume na mke walikubaliana: msimu mmoja. Akipata mkataba, hiyo ni kazi kama kazi nyingine, Ma Ephrasia ataelezwa. Akikosa, anarudi Bumbire, fimbo yake ya mchezo inatundikwa ukutani, na habari ya Januari asiitaje. Agnetha aliapa kwa rozari ya mama yake. Aliapa haraka haraka, amesimama mlangoni, kama kawaida yake.

Sasa kuna hili la senene. Kwetu, tangu enzi za mababu, mke humkamatia mume wake senene, na mume humpa mke nguo mpya. Zamani mwanamke hakuruhusiwa hata kuwaonja; siku hizi wote tunatafuna, ila ile ya kumkamatia mume na kupewa nguo bado ipo mioyoni mwa watu, na kawaida ni kama sheria. Mwaka uliotangulia senene waliposhuka, Agnetha alikuwa Muleba, ndio kwanza ameanza mazoezi ya msimu huu. Buberwa alikula senene wa kununua sokoni. Hakusema neno, lakini Ma Ephrasia alisema kwa niaba yake, akasema na wiki iliyofuata.

Asubuhi ya fainali simu ya Buberwa iliwakuta wachezaji wakinywa uji.

"Mama Josia, mpo salama? Huku kisiwani wameanza kushuka. Mama anauliza, mwaka huu nitakula senene wa nani?"

"Baba Josia, leo nina fainali."

"Najua. Nakutania tu." Akacheka, akakata simu.

Utani gani huo! Agnetha aliacha uji wake, akatoka nje, akaizunguka nyumba waliyofikia mpaka kocha wao, Mwalimu Dastan, akamfuata na kumshika bega.

"Agnetha, waitu, mwenzetu, utaimaliza miguu kabla ya mechi."

"Mwalimu, mechi ianze tu. Ikianza nitapona."

Haikuanza. Saa kumi alasiri, timu zikiwa zimeshapanga mstari, mvua ilishuka kutoka ziwani, ikanyesha kwa hasira, na watu wakajazana chini ya maturubai. Agnetha alikaa benchi, akasimama, akakaa, akasimama. Alifunga kamba za viatu, akafungua, akafunga tena. Mvua ilipokatika giza lilikuwa limeingia. Waandaaji hawakujali, kwani walikuwa wamekodi taa kubwa kutoka Dar es Salaam, nne, juu ya milingoti mirefu kuliko migomba yote ya Bakoba. Zilipowashwa uwanja ukawa mchana. Watu wa Bukoba, wanaojua kuwa senene hufuata mwanga, wakatazamana. Taa kubwa, Novemba, mvua imetoka kukatika, upepo umetulia! Mama mmoja aliyekuwa karibu na goli aliitoa ndoo yake ya karanga, akazimwaga zote kwenye khanga, akabaki na ndoo tupu mapajani. Wapo waliokwisha kutuma watoto nyumbani kuleta magunia.

Mchezo ukaanza, na kweli Agnetha akapona. Lakrosi ya sita haikupi nafasi ya kupumua. Ukipata mpira una sekunde thelathini uwe umeurusha golini, usipofanya hivyo unanyang'anywa. Kwa hiyo mipira ilimjia mfululizo, naye aliizuia kwa wavu, kwa kifua, kwa goti. Bakoba walikuwa na binti mmoja aitwaye Evelyne, mwembamba, mwenye bega la mpiga kombeo. Alimfunga Agnetha mara tano, lakini alizuiwa mara nyingi zaidi. Robo ya mwisho ilipokaribia kuisha Muleba walikuwa na kumi na moja, Bakoba kumi. Agnetha aliuona mkataba kwa macho yake. Aliuona mpaka msumari utakaoutundika ukutani mwa Ma Ephrasia.

Hapo ndipo wakashuka.

Kwanza mmoja, aligonga kofia yake, tii. Kisha watatu. Halafu hewa yote chini ya zile taa ikajaa mabawa, na wakaanza kumwagika, wa kijani, wa kahawia, kwenye nyasi, kwenye nywele, kwenye kola za watu.

"Enshenene!" mtu akapiga kelele kwa Kihaya. "Enshenene, waitu!"

Nani tena wa kutazama mpira? Uzio haukuwa uzio tena. Wazee waliovaa makoti ya kanisani waliingia uwanjani wakiinama na kuinuka. Magunia, ndoo, vyandarua, kofia, kila chenye tundu kilifanya kazi. Mabeki wawili wa Bakoba walionekana wakichota senene kwa vijiti vyao vya mchezo, na kusema kweli hakuna chombo kizuri kama kile. Mwamuzi Haidari, mtu wa Tanga, alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamuuma. Alimuuliza Mwalimu Dastan watu hawa wamepatwa na nini. Mwalimu alikuwa anajaza mifuko ya suruali.

Agnetha peke yake hakuinama. Alisimama golini, ameikumbatia fimbo, akiomba Mungu. Miguu ilimwasha, mikono ilimwasha zaidi. Alisikia sauti ya Buberwa kama ipo ndani ya kofia: nitakula senene wa nani?

Askari wa mgambo walifaulu kuwarudisha watu nyuma, si kwa nguvu bali kwa kuahidi kuwa taa hazitazimwa mpaka kila mtu ashibe. Haidari akaamuru dakika moja iliyobaki ichezwe. Senene walikuwa bado wanadondoka, mmoja hapa, mmoja pale. Evelyne akapata mpira, akamzunguka beki, akainua kijiti.

Agnetha alimwona. Aliuona mpira pia, aliuona vizuri kabisa. Lakini mbele ya uso wake, juu ya chuma cha kofia, alitua senene mkubwa wa rangi ya zambarau, wale ambao mtoto akimpata mmoja huenda kuwaonyesha majirani. Mkono wa kushoto ukaiacha fimbo. Haukumwuliza ruhusa. Ukaenda, ukafumba, na mpira ukapita pale pale ulipokuwa mkono.

Kumi na moja kwa kumi na moja.

Mwalimu Dastan alikuja mbio, mifuko ikirukaruka. "Mdudu kamziba macho! Mwamuzi, mdudu kamziba macho kipa wangu! Goli gani hilo!" Kisha kwa Agnetha, chini chini, kwa Kihaya, alimwambia aseme tu neno moja.

Haidari alikuwa mtu wa haki, na kwa jioni ile alikuwa amechoka kuwa mtu wa haki. Alimsogelea Agnetha.

"Dada, nakuuliza wewe mwenyewe. Mdudu alikuzuia kuona mpira? Ukisema ndiyo, nalifuta goli."

Neno moja, na mkataba ni wake. Agnetha alifungua mdomo. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, na padre wa Muleba angeuondoa kwa Salamu Maria tatu. Lakini ngumi yake ya kushoto ilikuwa bado imefumbwa, na ndani yake kitu kilipiga mateke. Watu wote wa uzioni walikuwa wanaitazama ile ngumi. Wahaya watupu! Ungemdanganya nani? Na hata wangedanganyika, yeye alijua.

"Niliuona mpira," alisema. Akafumbua mkono. "Nilimkamata huyu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Walicheka mpaka walioshika ndoo wakaziweka chini. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini kilimchoma Agnetha kama pilipili kwenye kidonda. Maji yakimwagika hayazoleki. Muda ukaisha, zikaongezwa dakika za kuamua, wa kwanza kufunga ameshinda, na Evelyne hakuhitaji nyingi.

Wenzake hawakumsema. Afadhali wangemsema. Mwalimu Dastan alimpigapiga mgongoni, akaenda zake kukusanya vifaa vya timu ambayo haikuwepo tena. Agnetha alivua kofia, akaanza kutembea kando ya uzio, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

Mwisho wa uzio, upande wa gizani, alisimama mwanamume mwenye shati tu, koti amelikunja na kulikumbatia kifuani. Alimjua kabla hajageuka.

"Baba Josia! Umefikaje?"

"Kwa boti ya mchana, halafu basi. Sikutaka ujue, ungehangaika."

"Umeona?"

"Nimeona."

Hasira ya Agnetha, iliyokuwa haijapata wa kumwangukia, sasa ikampata. "Basi umefurahi! Wewe na mama yako! Ungeniacha asubuhi ile na senene wako, mkono huu usingeondoka. Nimeupoteza mkataba wangu kwa ajili ya tumbo lako, Buberwa. Nimeupoteza mbele ya watu!" Alimwita kwa jina, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Josia azaliwe. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

 Buberwa aliinama, akaliweka koti chini, akalifunua. Lilikuwa limejaa. Walikuwa wanatambaa na kupandana, kilo nzima na zaidi.

"Mimi mchezo wenu siuelewi," alisema. "Nilichokielewa leo ni mkono wako tu. Niliuona unatoka, nikajua unakwenda kwangu. Nimejisikia vibaya, Mama Josia. Wewe ulikuwa kazini. Ndiyo maana nimekukamatia mimi."

Mwanamume akamkamatia mkewe senene! Ma Ephrasia angezimia. Agnetha aliangalia lile koti, akamwangalia mumewe, tope mpaka magotini, senene mmoja bado kwenye nyusi. Alitaka kuendelea kugomba, ila mkono ulikuwa umeshamtoa yule senene kwenye nyusi.

"Basi leo mimi ndiye wa kutoa nguo," alisema.

Akaivua jezi yake ya kipa, namba moja mgongoni, imelowa jasho na mvua, akabaki na fulana ya ndani. Akamkabidhi. Alijua anachokiachia.

Buberwa aliigeuza geuza ile jezi. "Ndiyo ya kutundika pamoja na fimbo?"

"Si niliapa."

"Uliniapia mimi, na mimi niliyeapiwa nimekusamehe." Aliivaa juu ya shati. Ilimbana tumboni, namba moja ikatanuka mpaka ikakaribia kupasuka. "Kesho nashuka nayo Bumbire, mama aione. Halafu huko Januari, kwenye hayo majaribio yenu, utavaa nini?"

Agnetha alivuta kamasi. "Ninayo ya ugenini."

"Haya basi. Kaa hapo, tuwanyonyoe kabla hawajaruka."

Agnetha akakaa chini kwenye nyasi mbichi. Alimchukua senene wa kwanza, akamng'oa mabawa, kisha wa pili, kisha wa tatu. Alikaa mpaka senene wa kwenye koti wakaisha, na muda wote huo mguu wake wa kulia ulikuwa unatikisika.