"Ta" Iliyogeuka "Na"

Miaka ishirini na mbili nachapa miswada ya watu, na wakati wa kitenzi haujawahi kunipiga chenga. Kwa hiyo mzee msahihishaji aliponirudishia kurasa mezani, nilimjia juu.

"Mama, mwandishi kaweka 'ta'. Wewe umechapa 'na'. Kitabu kizima."

"Macho yako hayo, mzee! Mimi nachapa ninachokiona."

Tulikuwa tunanong'ona, kama kila mtu siku hizi. Akanisogezea muswada. Ulikuwa wa mdogo wangu, umekaa kabatini miaka kumi: "Watu watanong'ona hata vyumbani mwao. Jirani ataandika nani kamtembelea nani." Mimi nilichapa: "Watu wananong'ona. Jirani anaandika." Vidole vyangu havikuona kosa lolote.

Ofisi ya serikali ya vibali vya vitabu hupitisha hadithi za kesho tu. Ukiandika ya leo, unafuatwa nyumbani na huonekani tena. Na mdogo wangu ana watoto watatu.

Nilipotoka kazini nilimwendea. Alisoma kurasa mbili, akacheka chini chini.

"Dada, umenishinda uandishi."

"Usinitanie, wewe! Nani alikutuma uandike mambo ya kutisha? Si ungeandika mapenzi, watu wakaoana, yakaisha?"

"Watu wanapenda kutishwa. Wanasoma, wanafunga kitabu, wanachungulia mtaa wao, wanashusha pumzi. Mimi nilitaka wasizishushe. Niliandika 'ta' ili 'na' isifike." Akaacha kucheka. "Imefika. Acha hivyo hivyo."

"Na watoto je?"

Mtoto wa mwisho alikuwa amelala miguuni pake, na sote wawili tulikuwa tunamtazama yeye.

Asubuhi nikaketi kurekebisha bila ruhusa yake. Lawama nitazibeba, nilijiambia, bora awe hai aninunie. Nikarudisha "ta" moja baada ya nyingine hadi ukurasa wa mwisho. Huo ndio niliousoma kwa mara ya kwanza, maana mchapaji hasomi, anachapa tu. Nilikuwa nimechapa: "Na dada mtu anayabadilisha maneno ya nduguye, kwa mkono wake mwenyewe, kwa kumpenda tu."

Nililia pale pale, mkono mdomoni, wenzangu wasisikie. Kisha nikaandika "atayabadilisha", nikampelekea mzee kurasa zake.