Boksi la Mwisho la Sindano

Adabu zetu watu wa Tehran zitakuja kutumaliza. Mimi zilinitia shimoni mchana kweupe, mlangoni pa duka la dawa.

Nilikuwa nimezunguka maduka sita tangu asubuhi. Binti yangu Taraneh, miaka tisa, alikuwa hospitali. Mwili wake ulikuwa umeanza kuikataa figo niliyompa mimi mwenyewe, na daktari alinieleza bila kupepesa macho: sindano ipatikane kabla ya magharibi, la sivyo mtoto hatunaye. Duka hili la saba ndilo lililonijibu kwenye simu kwamba bado wanayo.

Nilifika mlangoni sawia na mzee mmoja mwenye koti la sufu, anahema.

"Tangulia, binti yangu," akasema.

"Haki ya Mungu sitangulii. Wewe kwanza, baba."

"Mwanamke asimame nyuma yangu? Nitaona haya."

"Na mimi nizipite mvi zako? Mama yangu atafufuka anichape!"

Akacheka, akasalimu amri, akaingia. Nilikuwa na haraka ya kufa mtu, na bado nikamshikilia mlango.

Zamu yangu ilipofika, mfamasia aliisoma karatasi, kisha akatazama nje.

"Pole, dada. Mzee uliyempisha ndiye kabeba boksi la mwisho. Mzigo mwingine ni wiki ijayo."

Nilitoka mbio. Nikamkuta kituo cha basi, nikamkamata mkono wa koti.

"Binti, kama unataka pochi, haina kitu."

"Baba, hiyo dawa!"

Nikamweleza yote, maneno yanagongana mdomoni. Akakaa kwenye benchi. Aliitwa Keramat, mwoka mikate aliyestaafu. Dawa ilikuwa ya mkewe, Eshrat. Miaka minne nyuma mzee alimpa mkewe figo yake, na tangu juzi nayo imegoma. Naye kaambiwa ni leo leo, kesho kuna kaburi.

Tulipiga simu kila duka tulilolijua, yeye upande huu, mimi upande ule. Hakuna. Na boksi lenyewe ni dozi ya mtu mmoja, haligawanyiki. Basi lake likaja, likaondoka, hakuinuka.

"Wewe walikutoa ya upande gani?" akaniuliza.

"Kushoto. Baridi ikiingia panauma."

"Mimi kulia. Eshrat akininunia namwambia, basi nirudishie figo yangu. Ananijibu, ichukue, hata ilipokuwa kwako ilikuwa mvivu tu."

Tulicheka. Kweli kabisa tulicheka, mimi na mtu ambaye saa moja nyuma sikumjua, tumeshikana mikono kama ndugu waliokutana matangani. Sijawahi kumpenda mgeni namna ile.

Kisha akalitoa boksi mfukoni.

"Chukua. Mtoto hata hajaanza kuishi. Hili si kitu mbele yako."

Kwetu mtu akikwambia hivyo unakataa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndipo mnapojua nani alimaanisha na nani alikuwa anapamba maneno. Mimi sikukataa hata mara moja. Aibu ilikuwa imeniisha.

"Nipe," nikasema.

Nikalishika boksi, nikavuta. Halikuja. Vidole vyake, vilivyokanda unga miaka arobaini, vilikuwa vimeling'ang'ania mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Chukua, binti yangu," akarudia, na mkono hauachii. Machozi yakamshuka hadi kidevuni. "Wallahi nimekupa. Mkono ndio hautaki. Nifungue vidole, mimi nimeshindwa."

Mtu mwema angemwachia. Mimi dakika ile nilimchukia Eshrat, mama wa watu ambaye hajanikosea lolote, nikamchukia kwa sababu yu hai. Nikaanza na kidole gumba. Keramat aligeuza uso upande wa barabara ili nisimwonee haya. Nikavifungua kimoja kimoja, huku namwomba radhi na sikomi kufungua. Cha mwisho kuachia kilikuwa chenye pete ya ndoa.