Nilipomwita Biira Kasese

Kwetu Bukonzo jina la mtoto linafuata zamu ya kuzaliwa. Msichana wa pili ni Biira, awe wa nani, awe wa wapi. Nyumbani haisumbui: ukiita Biira, anakuja wako.

Biira wangu ni mjukuu. Mwaka 2014 alinikalisha jikoni Bwera juma zima, mimi natega vitendawili, yeye anaviandika katika kompyuta. Mia moja na kumi na viwili! Kisha akatunga programu kwa lugha wanayoiita C. Kompyuta inakutegea, ukishindwa inadai mji. Nilipoipa Kisinga ikajibu, "Mji mdogo, ongeza!" Nilicheka mpaka maziwa yakafurika jikoni.

Tukaenda Kasese kwenye mashindano ya vijana wanaotunga programu. Mshindi angepewa nafasi ya kusoma kompyuta mwaka mzima, na Biira alikuwa ameikosa mara mbili.

Zamu yake ikafika. Mwalimu Davis, msimamizi, akaianzisha programu mwenyewe, bila kuingia kwanza kwenye folda ya Biira. Kioo kikaandika: Faili ya vitendawili haipo.

"Haipo?" Biira akasema. "Asubuhi nimeiona kwa macho yangu!"

"Una dakika kumi. Halafu namwita Caleb, zamu yake inafuata."

Akabonyeza huku, akabonyeza kule, jasho linamtoka. Mimi niko viti vya nyuma na kikapu cha gonja, ndizi za kuchoma. Nikawaza, mutoto hajala tangu alfajiri, kichwa kitafanyaje kazi? Nikasimama, nikaita kama ninavyoita mlangoni kwangu.

"Biira! Kuja kula!"

Wakasimama wasichana watano.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mmoja, wa Kitswamba, alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. "Bibi, hata mimi ni Biira, na njaa iko."

Mzee Maate, jirani yangu wa kiti, akanitania: "Mama Yayeri, hapa si jikoni kwako! Sema Biira wa nani, wa wapi!"

Biira wangu alikuwa amekodoa macho. Kisha akaruka. "Bibi, ndiyo hiyo! Nimeiita faili kama ulivyoniita wewe!"

Alinieleza huku vidole vinakimbia. Ndani ya programu alikuwa ameandika jina tupu, vitendawili.txt. Jina tupu hutafutwa pale ulipo wewe unapoianzisha programu, na nyumbani yeye huwa yuko ndani ya folda yenyewe. Mwalimu Davis alikuwa folda nyingine. Basi akalifuta, akaandika ukoo mzima kuanzia mzizi: /home/biira/bibi/vitendawili.txt. Akaijenga programu upya.

"Mwalimu, ianzishe tena. Popote unapotaka!"

Kioo kikaandika: Kitendawili!

"Tega!" ukumbi mzima ukaitika, na Mwalimu Davis naye. Alishindwa vitendawili vitatu mfululizo. Alitoa Kabatoro, ikadai mji mkubwa zaidi. Watu walikuwa wanajifuta machozi.

Jioni wakatangaza. "Nafasi ni ya Biira…" Mwalimu Davis akasita. Mbele yake walikuwa wamesimama wasichana sita, watano wanabana kicheko.

Akavuta pumzi.

"Biira wa Yayeri, wa Bwera!"

Watano wakakaa, gonja zangu mdomoni.