Miguu Chini ya Gari la Premji

Nakutegea wewe uliyekaa mlangoni, acha kuchokonoa meno unisikilize. Nina mtu wangu: mchana amelala chali na usingizi hana, paa lake la chuma linamdondokea machozi meusi, na mgeni akija huzisalimu nyayo zake. Ni nani? Si mgonjwa. Si mlevi pia, usinichekeshe. Umeshindwa, nipe mji. Dar es Salaam siitaki, ina watu wengi, nipe Tabora. Haya, nimekwenda Tabora, nimelamba asali yake mpaka kiwiko, nimerudi. Jibu ni fundi aliye chini ya gari.

Benedikta alikuwa na fundi wa namna hiyo. Mwaka 1974, mwezi wa nane, kila siku saa kumi alasiri, alitandika gunia chini ya gari jeupe lililosimama mbele ya nyumba yake, nje kidogo ya Bukene. Alipanga spana juu ya gunia, akaenda kuinjika maji ya ugali. Akigeuka, miguu ya mumewe Silasi ilikuwa imeshatokeza, kuanzia magotini kushuka. Silasi alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Alizikwa na viatu vyeusi vya kanisani, lakini alirudi na katambuga zake za tairi, maana vile viatu vilikuwa vinambana.

Siku za mwanzo Benedikta aliinama ili amwone uso. Aliona giza na tumbo la injini, basi. Hakuinama tena. Miguu ilimtosha, na sauti, siku ambazo Silasi alikuwa na la kusema.

Gari lilikuwa la Premji, mwenye duka la vitambaa Kanyenye mjini Tabora, ambaye Silasi alimwendesha miaka kumi na tisa. Premji alipohama nchi na watoto wake alimwachia Silasi gari hilo, kwa kuwa breki ya mbele upande wa kushoto ilikuwa imekwama na hakuna aliyelitaka. Silasi alilileta Bukene kwa treni ya mizigo. Kutoka stesheni lilivutwa na ng'ombe wanne, gurudumu moja likiburuzika, na mfereji wake ukabaki juu ya ile njia ya zamani iliyochimbwa na nyayo za wapagazi wa pembe za ndovu.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mkubwa. Ndani ya kalipa, kile chuma kinachoibana diski ya breki kama ngumi, mna pistoni, na pistoni imezungukwa na mpira mwembamba kama pete. Mpira ukivimba, pistoni hairudi, na ngumi haifunguki. Dawa yake ni kuing'oa, kusugua kutu kwa msasa laini, kuosha mpira kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe, na kurudisha. Kitu kimoja tu ni mwiko: mafuta ya taa. Mpira wa breki ukionja mafuta ya taa huvimba. Silasi alimfundisha mkewe hilo kabla hajamfundisha namba za spana.

Benedikta aliuosha mpira kwa mafuta ya taa. Kila Jumatatu Silasi aliung'oa na kuutoa nje kwa mguu ili uoshwe, naye aliuosha hivyo hivyo, akaufuta kwa pindo la kanga, akamrudishia. Kufika Jumatano ulikuwa umevimba. Na kila asubuhi aliingiza mkono chini ya injini akalegeza kidogo nati ya kumwagia oili, matone yasikatike. Hesabu yake ilikuwa hii: gari likipona, mtu hana tena la kujia.

Jirani yake Nyamizi kila akipita na debe la maji kichwani alisimama aitanie miguu.

"Shemeji! Miaka miwili, breki moja! Ulipokuwa hai ulimaliza lori zima kwa siku. Kufa kumekufanya mvivu."

Kidole gumba cha Silasi kilicheza. Huko ndiko kulikokuwa kucheka kwake.

Jumatatu moja alikuja karani wa uhamisho, kijana aitwaye Tobias, na daftari kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akainama kidogo mbele ya gari. "Shikamoo mzee."

"Marahaba," ilijibu sauti chini ya injini.

Tobias alieleza alichotumwa. Alhamisi asubuhi lori lingekuja. Nyumba zote zilizotawanyika zinahamia kijiji kipya, maili tisa kutoka pale, watu wakae pamoja wapate shule na maji. Nyumba za zamani zitachomwa, asije mtu akarudi.

"Na gari?" Benedikta aliuliza.

"Likivutika litavutwa. Lisilovutika litaungua na nyumba." Akalamba ncha ya penseli. "Kaya yako ina watu wangapi, mama? Mwenye mwenzake anapewa kiwanja. Aliye peke yake anawekwa chumba kimoja na wajane wengine."

Benedikta aliitazama miguu. Tobias naye aliitazama. Maji yalikuwa yanachemka jikoni, na Benedikta akaenda kuyatia unga. Alisonga ugali kwa muda mrefu kuliko ugali unavyohitaji.

"Nitaacha nafasi wazi," Tobias alisema, akafunga daftari.

Usiku ule Benedikta hakuwa na mengi ya kuchagua. Asipolitengeneza, gari litaungua na Silasi chini yake. Ni kweli alikwishakufa, lakini hakuona sababu ya kumchoma. Akilitengeneza, litafika, ila Silasi hatakuwa na kazi. Katika kopo la vipuri aliloliacha Premji ulikuwa umebaki mpira mmoja mpya. Kwenye chupa ya kuwashia karabai ilikuwa imebaki spiriti kiasi cha vidole viwili.

Jumatano saa kumi alimpa Silasi mpira huo.

"Leo umeosha kwa spiriti," sauti ikasema.

"Ndiyo."

"Ule wa siku zote ulinuka kibatari."

"Kumbe ulijua?"

"Bene, nimeshika breki miaka thelathini."

"Na ukawa unakuja tu?"

Silasi aliomba spana namba kumi na moja.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye usukani na mwingine hufungua kijinati pale gurudumuni, mapovu yatoke.

"Kanyaga," Silasi alisema.

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Usiachie mpaka nikuambie."

"Nimeshikilia."

"Haya, achia."

Walifanya hivyo mara kumi na nne. Pedeli ikawa ngumu kama jiwe, na Benedikta aliposhuka alilizungusha gurudumu kwa kidole kimoja. Silasi akakaza nati ya oili, akaisiliba kwa kipande cha sabuni ya mche pale ilipokuwa imeliwa. Matone yakakatika. Benedikta alitaka kumuuliza kama kesho atakuja. Akamuuliza kama leo mboga iwe mlenda au maharage.

"Mlenda," Silasi alisema.

Alipakua sahani mbili kama kawaida, na kama kawaida akala moja.

Alhamisi asubuhi dereva wa lori, Alois, alilifunga gari kwa kamba na kulivuta. Lilikwenda vizuri, na aliusifu mkono wa fundi. Nyuma yao mgambo waliziwasha nyumba, moja moja, kwa mpangilio.

Kijiji kipya kilikuwa mistari iliyopimwa kwa kamba porini. Shule ilikuwa bango. Maji yalikuwa umbali wa maili nne. Benedikta aliambiwa asubiri kupangiwa, basi alilala ndani ya gari. Saa kumi alitandika gunia na kupanga spana. Akageuka. Hakukuwa na kitu. Siku ya pili alilegeza nati mwenyewe, oili ikadondoka, sufuria aliyoitega ikajaa. Hakukuwa na kitu. Siku ya tatu aliuosha ule mpira wa zamani kwa mafuta ya taa mbele ya watu wote, bila kujificha.

Siku ya nne Nyamizi alirudi kutoka mahame, kule walikohamishwa, kwa njia ya vichakani, jiwe lake la kusagia limefungwa mgongoni kama mtoto. Amri ilishasomwa: atakayekutwa mahame atakamatwa.

"Nimemkuta shemeji," alisema, akilifungua jiwe.

"Wapi?"

"Pale pale. Majivu yamemfika visiginoni. Miguu nje, kazi inaendelea."

"Anatengeneza nini?"

"Hapo sikuelewa, dada. Juu yake hakuna kitu, ni mbingu tu. Lakini chuma kinagonga, nimesikia kwa masikio haya." Akaketi juu ya jiwe. "Kauliza mbona spana zimechelewa."

Kumbe si gari lililokuwa likimleta; ni pale nyumbani.

Jioni hiyo hiyo Tobias alifika na daftari. Kwa mazoea aliinama mbele ya gari, akasema, "Shikamoo mzee," akangoja kwa adabu kiasi mtu mzima anachostahili kungojewa. Kisha akasimama wima.

"Mama, ile nafasi yako bado iko wazi. Kaya ina watu wangapi?"

"Nikisema wawili, nitaruhusiwa kumfuata wa pili?"

"Kama yuko mahame, hapana, mama. Amri haijabadilika." Alisema kwa upole, na penseli ilikuwa tayari.

Benedikta aliokota spana kutoka kwenye gunia, akazifuta moja moja, akaziviringisha ndani ya lile gunia likawa mzigo wa mgongoni.

"Mmoja," alisema.