Buti la Kulia Nane, la Kushoto Tisa

Kwetu ukimwita mtu haitikii. Anakujibu, "Nani, mimi?" Hata kama mko wawili tu chumbani na wa pili ni paka. Mama yuko hivyo, dada zangu wako hivyo, na mimi shuleni nilichapwa kwa ajili ya hilo hilo mpaka nikazoea. Mwalimu alidhani ni dharau. Dharau ya nini, bwana, na mdomo nimezaliwa nao?

Aliyetuambukiza ni Bibi, mama yake mama. Naye alirithi kwa baba yake, ambaye mimi nimepewa jina lake. Ndiyo maana Bibi haniiti mjukuu, ananiita Baba.

Basi asubuhi moja Baba nikapewa kazi. Ukumbi wa mji ulikuwa unapakwa rangi upya, na ukuta wa mbele ungeandikwa majina ya wazee wa hapa waliokwenda vitani. Sharti ni moja: uonekane kwenye kumbukumbu za jeshi. Huonekani, huandikwi, hata ukoo mzima ukalie pale. Na fundi wa rangi alikuwa ameshafika nusu ya ukuta.

Bibi ndiye mtoto pekee aliyebaki wa yule mzee, na ushahidi wake ni buti. Jozi moja nyeusi, imekakamaa kama ubao, inakaa chini ya kitanda chake. Tatizo, la kulia ni namba nane, la kushoto namba tisa.

Hapo ndipo Mjomba anapopata pa kuingilia. Mjomba tunamwita Wakili. Sheria hajasoma, anauza vioo vya madirisha, ila ubishi hajawahi kushindwa.

"Mama, jeshi gani linampa mtu buti za namba mbili tofauti?" alimwambia Bibi mbele ya wageni. "Yule mzee alizikwapua mahali gizani, akabeba zisizofanana. Vita alivisikia redioni kama sisi."

Watu wakacheka. Bibi naye akacheka. Lakini nilimwona alivyozirudisha buti chini ya kitanda, taratibu, akizifuta vumbi kwa upindo wa gauni. Wageni walipoondoka akaniita.

"Baba, nenda kanitafutie jina la mzee. Zichukue na buti."

"Nani, mimi?"

"Hapana, paka."

Ofisi ya kumbukumbu ina rafu mpaka darini, mafaili yamefungwa kamba, na feni inayopeperusha kila kitu isipokuwa joto. Mimi kukaa kitako si kazi yangu, lakini nilikaa. Nilipekua majina mpaka herufi zikaanza kutembea. Jina la mzee, ambalo ndilo langu, halipo. Nikarudi kesho yake, halipo. Na muda wote mfuko wa buti uko miguuni pangu, nauficha kama mtu aliyebeba kuku wa wizi.

Nikaja tena, nikiwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia Bibi. Karani, dada wa rika langu mwenye kalamu nyuma ya sikio, siku hiyo alikuwa anaandika wageni mwenyewe mlangoni.

"Jina?"

"Nani, mimi?"

Kalamu ikasimama. Akaangua kicheko mpaka wenzake wakageuka.

"Usiniambie na wewe ni ndugu yake!"

"Ndugu yake nani?"

"Nani Mimi! Tunaye askari humu anaitwa hivyo. Kazi ikituchosha tunamtoa, tunacheka kidogo, tunamrudisha."

"Dada, hebu mtoe."

Akalileta faili, akasoma kwa sauti. "Jina: Nani Mimi. Jina la baba: Wangu. Kazi: Sasa Hivi."

Nilimwona mzee kabisa. Amesimama mbele ya meza, mwandishi wa jeshi hainui hata kichwa. Jina lako? Nani, mimi? Jina la baba? Wangu? Kazi unayofanya? Sasa hivi? Na yule bwana anaandika tu, anaandika tu.

"Huyu ni baba yake bibi yangu," nikasema.

"Kaka, hata mimi naweza kusema ni wangu. Una uthibitisho gani?"

"Endelea kusoma."

"Mbeba machela. Alitumikia mpaka vita vilipoisha." Akafunua. "Vifaa alivyopewa: blanketi moja, kikombe kimoja, buti jozi moja, kulia nane, kushoto tisa, kwa kuwa mguu wa kushoto ni mkub..."

Hakumalizia. Nilikuwa nimeshazibwaga juu ya meza yake, vumbi na yote. Akazigeuza nyayo. Nane. Tisa. Kicheko chote kikamwishia, akazisimamisha vizuri, moja kando ya nyingine, kisha akanitolea nakala ya faili, akaigonga muhuri.

Nyumbani nilimsomea Bibi mara mbili.

"Mbeba machela," akasema. "Ndiyo maana alikuwa hawezi kumwona mtu amebeba mzigo peke yake asimsaidie." Akajifuta macho, akaomba viatu vyake. "Twende ukutani."

Fundi alikuwa juu ya ngazi, nafasi imebaki kidogo pembeni. Akaisoma nakala, akauliza aandike jina lipi, la nyumbani au la jeshini.

"Yote mawili," Bibi akasema. "Wale aliowabeba walimjua kwa la jeshini. Wajukuu wao wakija kumtafuta watampataje?"

Fundi akanung'unika, lakini akaandika. Jina langu, na chini yake: Nani Mimi.

Rangi ikiwa bado mbichi, Mjomba akatokea, mikono mfukoni. Alikuwa ameshasikia. Akasimama anasoma ukuta, midomo inacheza bila sauti. Nikajua anatafuta pa kuanzia ubishi. Mara ngazi ikayumba.

"Mzee!" fundi akapiga kelele. "Nishikie ngazi!"

Mjomba akajigusa kifua. "Nani, mimi?"

Fundi akautazama ukuta. Akamtazama yeye.

"Kumbe bado uko hai?"

Bibi alicheka mpaka nikamshika asianguke. Mjomba akatoa mikono mfukoni, akaja kuishika ngazi kwa yote miwili.